Gari Dogo Lenye Umri: Soma Dalili Kabla ya Kununua Spea

Gari dogo la petroli lililozidi miaka 15 haliharibiki kwa namna mpya. Hitilafu zake ni zilezile, gari baada ya gari: haliwaki asubuhi, linachemsha kwenye foleni, linamisi (silinda moja haiunguzi petroli sawasawa), linakula oili, linagonga chini, breki zinalia. Kinachowamaliza wenye magari haya ni spea iliyonunuliwa kwa kubahatisha. Mtu ananunua altaneta, kumbe temino ya betri ilikuwa imelegea. Mwingine anabadilisha rejeta, kumbe feni haizunguki kwa sababu ya rilei, swichi ya umeme inayoiwasha, iliyoungua. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila dalili inaanzia kwenye ukaguzi usio na gharama, na kufungua injini kunakuja mwisho kabisa.

Kuhusu gharama, nitatumia maneno matatu. *Nafuu* ni kazi ya spana chache na spea inayopatikana kirahisi. *Ya kati* ni nusu siku ya fundi hivi. *Nzito* ni pale injini au giaboksi inapofunguliwa au kushushwa. Hapo mara nyingi malipo ya ufundi huzidi bei ya spea yenyewe. Kumbuka hilo la mwisho, maana ndilo linaloamua nini kibadilishwe pamoja na nini.

Gari haliwaki

Piga stata na usikilize kabla ya kufungua boneti.

*Tik-tik-tik ya haraka, taa za dashibodi zinafifia.* Anza na betri na temino zake. Shika temino kwa mkono uizungushe: ikicheza, huenda jibu umeshalipata. Zikiwa zimeota unga mweupe au wa kijani, zifungue ukianza na hasi, zisugue kwa brashi ya waya mpaka zing'ae, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Baada ya hapo shika mita. Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha kabisa. Mtu apige stata huku wewe ukitazama mita: ikiporomoka chini ya 9.6, na ulikuwa umeichaji vizuri, betri hiyo imechoka. Gari likishawaka, pima tena. Kati ya 13.8 na 14.5 altaneta inachaji. Ikibaki 12 na pointi, betri mpya haitakusaidia. Itakufa kama ile ya kwanza. Tazama mkanda wa altaneta, fyuzi yake kubwa, kisha altaneta yenyewe. Na hata hapo, muulize fundi umeme kama brashi za kaboni au regyuleta zinaweza kubadilishwa peke yake. Altaneta nyingi hupona kwa njia hiyo, na kazi inakuwa nafuu badala ya kuwa ya kati.

Betri ikiwa nzima, altaneta inachaji, lakini asubuhi gari limelala, kuna kitu kinachonyonya umeme usiku. Weka mita ya ampea kati ya temino hasi na waya wake, funga milango, subiri kama dakika 30 ili kompyuta za gari zitulie. Usipige stata mita ikiwa imeungwa hivyo, utaiunguza. Gari la kawaida linapaswa kusoma chini ya miliampea 50. Likizidi sana, chomoa fyuzi mojamoja mpaka namba ishuke. Saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mwizi. Redio na alamu zilizofungwa baada ya gari kutoka kiwandani ndizo ninazozishuku kwanza, kila mara.

*Tik moja nzito, kisha kimya.* Hapa ni stata, au waya wa ethi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Huo waya husahaulika sana. Ukiwa umeliwa na kutu, stata nzima kabisa itaonekana imekufa. Ukague kabla ya kushusha stata.

*Injini inazunguka lakini haishiki.* Fungua swichi bila kupiga stata usikilize upande wa tangi: katika magari mengi pampu ya mafuta huvuma kwa sekunde mbili hivi. Kama kimya, angalia fyuzi na rilei kabla ya pampu. Kama pampu inavuma, tazama taa yenye alama ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikiwaka au kumetameta huenda kompyuta haiutambui ufunguo, na ufunguo wa akiba utakupa jibu. Gari linalozima likipata moto na kuwaka tena likipoa lina historia ya sensa ya krankishafti, inayosoma mzunguko wa injini. Sensa hiyo kwa kawaida ni kazi nafuu, lakini nimeona watu wakibadilisha pampu ya mafuta mara mbili kabla ya kuifikiria.

Simama hapa: kama injini ilizima ghafla ukiwa unaendesha, na sasa inazunguka kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida, kana kwamba haina kitu ndani, usipige stata tena. Huenda mkanda wa taiming, unaoratibu pistoni na valvu, umekatika. Katika injini nyingi pistoni na valvu hupishana katika nafasi ileile, na kila mara unapopiga stata unaweza kupinda valvu nyingine. Vuta gari mpaka kwa fundi. Mkanda huu hubadilishwa kwa kilomita au kwa miaka, kimoja kinachotangulia; watengenezaji wengi huweka kati ya kilomita 60,000 na 160,000, na kitabu cha gari lako ndicho chenye namba sahihi. Ukinunua gari la zamani bila kumbukumbu, chukulia kwamba haujabadilishwa. Kuubadilisha pamoja na tensheni na wota pampu ni kazi ya kati. Kuungoja ukatike ni kazi nzito. Injini yenye cheni haina ratiba hiyo, ila cheni inayotoa mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache kila asubuhi inaomba ipimwe.

Gari linachemsha

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hii ndiyo hitilafu inayoua injini ndogo kuliko nyingine zote, na karibu kila mara ilianza na kitu cha bei ndogo.

Kwanza kabisa, mshale ukipanda kuelekea kwenye nyekundu: zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho ukitafuta pa kuegesha, egesha, zima injini. Acha ipoe. Usiguse kifuniko cha rejeta. Mfumo huu hufanya kazi kwa shinikizo la takriban baa 1 juu ya hewa ya nje, na katika shinikizo hilo maji huchemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Ukifungua kifuniko, shinikizo linatoweka mara moja, maji yaliyokuwa yametulia yanachemka ghafla, na mvuke na maji ya moto vinakurukia usoni. Watu wameungua vibaya kwa namna hii. Na usimwagie injini ya moto maji baridi. Silinda hedi ya alumini hupinda na kupasuka.

Injini ikiwa baridi kabisa, jiulize: linachemsha lini?

*Kwenye foleni tu, likitembea linapoa.* Feni. Katika magari mengi feni inapaswa kuzunguka mara tu unapowasha kiyoyozi, washa utazame. Isipozunguka, fuata mpangilio huu: fyuzi, rilei, plagi ya waya, sensa ya joto, na mota ya feni mwisho. Ukiunganisha mota moja kwa moja na betri ikazunguka, mota ni nzima. Nyingi ya hizi ni kazi nafuu.

*Kwenye mlima au mwendo wa kasi, foleni halina tatizo.* Maji hayapozwi vya kutosha. Rejeta imeziba ndani kwa kutu au nje kwa wadudu na vumbi, au thamostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) haifunguki sawasawa, au mapanga ya wota pampu yameliwa. Gusa rejeta iliyopata moto kiasi, injini na feni zikiwa zimezimwa: kama kuna sehemu baridi katikati ya sehemu za moto, hapo pameziba.

*Wakati wowote, na maji yanapungua.* Tafuta linapovuja. Angalia mipira ya maji kwenye klempu zake, maungio ya plastiki na alumini ya rejeta, na chini ya wota pampu, ambako kuna tundu dogo linalodondosha maji sili ya ndani ikichoka. Alama za ukoko mweupe au wa rangi ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) ni njia ambayo maji yalipita. Kapeti la abiria wa mbele likiwa na unyevunyevu wenye harufu tamu, ni rejeta ndogo ya hita inayovuja. Na usidharau kifuniko cha rejeta: mpira wake ukichoka haukamati shinikizo, maji yanachemka mapema. Ni kati ya spea za bei ya chini kabisa kwenye mfumo huu.

*Maji yanapungua na hakuna linapovuja.* Sasa ndiyo fikiria gasketi ya silinda hedi. Dalili zake: mipira ya rejeta inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari baridi, mapovu yasiyokoma kwenye chupa ya akiba, moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikipata moto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki. Utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake haujatosha, gari la safari fupifupi hupata huo kwa unyevu tu. Kabla ya kuruhusu injini ifunguliwe, mwambie fundi apime gesi ya moshi ndani ya maji kwa dawa inayobadilika rangi, au apime kompreshini, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Vipimo hivyo ni nafuu mno ukilinganisha na kufungua hedi bure.

Kazi ya gasketi ni nzito, na gasketi yenyewe ni sehemu ndogo ya bei. Pesa inakwenda kwenye saa za ufundi, kupeleka hedi ikapimwe na kusawazishwa, boliti mpya pale mtengenezaji anapozitaka, oili na kulanti mpya. Anayekwambia atabadilisha gasketi bila kupima unyoofu wa hedi anakuandalia kazi hiyohiyo mara ya pili.

Kuna desturi moja naomba uikatae: kutoa thamostati "ili gari lipoe". Injini isiyofikia joto lake inakula petroli zaidi na kuchakaa haraka. Katika injini ambazo thamostati pia hufunga njia ya mkato ya maji, kuitoa kunayafanya maji yazunguke bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha kuliko mwanzo. Thamostati mpya ni nafuu. Vilevile maji matupu huleta kutu ndani. Tumia kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa.

Linamisi, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga) inapanda na kushuka, taa ya injini inawaka

Tofautisha mambo mawili. Taa iliyotulia inakutaka upime karibuni. Taa inayomweka inamaanisha petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza katalisti, lile sega la ndani ya bomba. Punguza mwendo, acha kukanyaga, egesha panapofaa. Ukiendelea, plagi ya bei ndogo itakugharimu katalisti ya bei kubwa.

Gari lenye OBD-II, soketi ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani (Marekani ilianza kuitaka kwenye magari mwaka 1996, Ulaya kwa magari ya petroli mwaka 2001) linaweza kusomwa kwa kifaa kidogo unachoweza kumiliki mwenyewe. Ila kodi, yaani namba ya hitilafu inayosomwa hapo, inakuonyesha pa kuanza kutafuta. Haikutajii spea ya kununua.

P0301 ni misi kwenye silinda ya 1, P0302 ya 2, na kuendelea. Kama kila plagi ina koili yake, fanya hivi: hamisha koili ya silinda ya 1 uiweke ya 3, na ya 3 kwenye 1. Futa kodi, endesha. Kodi ikihamia P0303, koili ni mbovu. Ikibaki P0301, fanya vilevile na plagi. Umepata jibu bila kununua chochote. Ukichomoa koili ukakuta oili ndani ya shimo la plagi, gasketi ya kifuniko cha valvu imechoka. Koili mpya bila gasketi hiyo haitadumu. Koili na plagi vikithibitika kuwa vizima na misi haijaondoka, injekta ifuate, kisha kompreshini. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, mimina kijiko cha oili ndani yake upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi. Hapo umeingia kwenye kazi nzito na inabidi ukae na fundi mtu mzima.

P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli. Tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka kabla ya kununua sensa yoyote. Silensa inayopanda na kushuka bila kodi mara nyingi huisha kwa kusafisha throtobodi, mlango wa hewa wa injini. P0420 huwafanya watu wakimbilie katalisti mpya. Kwanza hakikisha ekzosi haivuji kabla ya sensa, hakuna misi, na sensa ya oksijeni ya nyuma inafanya kazi.

Moshi wa bluu, oili inapungua

Jaza oili mpaka alama ya juu, andika kilomita, pima kila baada ya kilomita 500. Bila kipimo hicho hakuna la kujadili. Baadhi ya watengenezaji huvumilia mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000, ingawa gari dogo linalokula hivyo mimi nisingelipuuza.

Uvujaji wa nje uje kwanza: kifuniko cha valvu, sili ya krankishafti, swichi ya presha ya oili. Kisha valvu ya PCV, kidude kidogo kinachorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa; kikiziba, oili husukumwa humo. Ni nafuu na wengi hawakijui. Moshi unaotoka mara moja tu asubuhi kisha ukakata unaelekeza kwenye sili za valvu. Unaotoka kila unapokanyaga ni ringi. Sili ni kazi ya kati hadi nzito. Ringi ni oveholi, na kwa gari la umri huu linganisha na bei ya injini iliyotumika yenye historia inayojulikana.

Simama hapa: taa nyekundu ya chupa ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini papo hapo, si baada ya kufika. Presha ikikosekana beringi za krankishafti huweza kuharibika kwa dakika chache.

Breki

Mlio mwembamba unaokoma ukikanyaga au kuanza kila unapokanyaga: pedi zinakaribia kwisha. Zikifika milimita 3, badilisha. Mlio wa chuma kwa chuma: zimekwisha, na diski inaliwa kila kilomita. Usukani unaotetemeka ukifunga breki ni diski zenye unene usio sawa. Gari likivutia upande mmoja, pima upepo wa matairi kwanza, halafu tazama kalipa (kinachobana pedi kwenye diski) iliyokwama. Rimu ya upande huo hutoa joto kali unalolisikia hata bila kuigusa. Kazi zote hizi ni nafuu au za kati.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. DOT 4 mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinashuka hadi 155. Ndiyo maana watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila miaka 2, na ndiyo maana pedali hulegea kwenye mteremko mrefu.

Simama hapa, usiendeshe hata mtaa mmoja: pedali inazama mpaka chini, pedali inashuka polepole ukiishikilia, kiwango cha mafuta kinapungua na pedi ni nene, mpira wa breki umevimba au kulowa. Kama hujawahi kutoa hewa kwenye breki ukiwa na mtu anayejua, isiwe leo mara yako ya kwanza.

Kugonga chini na kuvuma

Kugonga kwepesi kwenye matuta madogo: stabilaiza linki, nafuu. Kugonga kuzito ukifunga breki au kuachia: bushi za mkono wa chini, au maunting za injini. Tak-tak-tak ukikata kona kali: sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu. Buti yake ya mpira ikaguliwe mapema, kwani mpasuko ukionekana kabla ya mlio na buti ikabadilishwa pamoja na grisi, jointi huokoka. Mvumo unaokua na mwendo na kubadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia: beringi ya gurudumu. Gari linalodunda mara nyingi baada ya tuta lina shokapu zilizokufa, na hizo hubadilishwa kwa jozi.

Bol jointi, kiungo kinachoshikilia gurudumu kwenye mkono wa chini, ikicheza haisubiri mwisho wa mwezi. Ikichomoka, gurudumu linalala na usukani hauna kazi. Na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde za kutazama tu, weka stendi.

Klachi na giaboksi

Mlimani mizunguko ya injini inapanda lakini mwendo hauongezeki: klachi inateleza. Hakikisha kwanza waya wake haujakazwa kupita kiasi. Mlio unaokuja ukikanyaga pedali na kuondoka ukiachia ni beringi ya klachi. Vyovyote, giaboksi inashushwa, kwa hiyo badilisha klachi pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, na utazame sili ya nyuma ya krankishafti kabla ya kurudisha. Kushusha giaboksi mara mbili kwa ajili ya sili ndogo kunauma.

Giaboksi ya otomatiki inayokawia kuingia gia au kushtua: pima kiwango na rangi ya mafuta yake. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, usiagize kusafishwa kwa presha kabla mtaalamu wa giaboksi hajaona. CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka mafuta yake maalumu. Mafuta ya otomatiki ya kawaida yanaweza kuiharibu kabisa.

Kutu

Kwenye milango na fenda ni sura tu. Gonga kwa mpini wa bisibisi sehemu za kuwekea jeki, kingo za chini ya milango, viungio vya sasupensheni ya nyuma, na panapofungwa mikanda ya kiti. Chuma kizima hulia kavu. Kilichooza hutoa sauti butu, au ncha ya bisibisi inazama ukiichoma. Bisibisi ikizama kwenye mojawapo ya sehemu hizo, usiliinue gari kwa jeki mahali hapo, na usinunue spea yoyote ya orodha iliyotangulia mpaka mchomeleaji wa bodi atakapoliweka juu ya lifti na kukwambia kama kuna chuma cha kutosha cha kuungia.